Sukari ya mtoto imetoka kwa mama au kwa baba?

"Asalaam aleikum daktari. Mimi ni mama wa watoto watatu, twakaa Kisauni. Mwezi wa tatu mwanangu mkubwa, Swaleh, mwenye miaka tisa, alilazwa hali yake mbaya, tukaambiwa ana sukari aina ya kwanza. Sasa adungwa insulini mara nne kwa siku. Tangu hapo nyumbani hakuna raha. Mavyaa asema kwao hakuna mtoto aliyewahi kuugua hivi, kwa hivyo imetoka kwetu. Ni kweli shangazi yangu ana mbalanga na dadangu ana ugonjwa wa tezi ya shingo, lakini sukari kwetu hakuna. Ni upande wa mume wangu ndiko kuna wazee wawili wa sukari. Tena mimi na mume wangu ni mtu na binamuye, na wengine wasema hiyo ndiyo sababu. Niambie ukweli: nani aliyempa? Wadogo zake nao watapata? Nimeona kipimo cha jeni cha kuagiza ng'ambo, tuwapime? Huyu wa pili ana miaka mitano, mzima, ila wiki hizi mbili ameanza tena kukojoa kitandani, nadhani ni huzuni ya kumuona nduguye adungwa. Na je, nisizae tena?" — Mama Swaleh

Wa aleikum salaam, Mama Swaleh, na pole sana kwa mtihani huu.

Yote uliyouliza nitayajibu. Lakini kuna jambo umelitaja kwa kupita, na ndilo lililonifanya nikujibu usiku huu huu: huyo wa miaka mitano ameanza tena kukojoa kitandani. Huenda ni huzuni, kama unavyodhani. Watoto huonyesha huzuni hivyo. Lakini nyumba ambayo tayari ina mtoto mmoja mwenye sukari aina ya kwanza haifai kukisia, na kipimo mnacho hapo hapo, kile cha Swaleh.

Mpime kabla hujaendelea kusoma. Mwoshe mikono kwa maji na sabuni, umkaushe vizuri, kwa sababu kidole kilichoshika embe au haluwa hutoa nambari ya uongo. Weka kisindano kipya cha kuchomea, usitumie kile cha Swaleh. Choma ubavuni mwa kidole, si katikati ya ncha, hapo hauma sana. Ukiona 11.1 (mmol/L) au zaidi, usingoje kuche. Mpeleke hospitali sasa, na pale mlangoni, kabla hujaulizwa chochote, sema: "Kaka yake ana sukari aina ya kwanza." Ukimpima asubuhi kabla hajala na ukapata 7 au zaidi, mpeleke siku hiyo hiyo. Ikiwa kati ya 5.6 na 7 kabla ya kula, au imevuka 7.8 saa mbili baada ya chakula, muone daktari wa watoto wiki hii. Ikiwa chini ya hapo, alhamdulillahi, mpime tena asubuhi mbili tatu zinazofuata, kisha ndipo mshughulikie hiyo huzuni. Na ikiwa anatapika, analalamika tumbo, au anahema kwa nguvu na hakuwa akikimbia, hospitali inakuja kwanza na nambari baadaye.

Nashikilia jambo hili kwa sababu ya msichana mmoja niliyempokea nilipokuwa daktari mchanga. Alikuwa ametibiwa malaria, kisha homa ya matumbo, katika zahanati ambayo haina haja kuitaja. Bibi yake alikuwa ameona sisimizi wamejipanga kwenye mfereji wa choo cha nje, pale mtoto alipokuwa akikojoa, akasema, na hakuna aliyemsikiliza. Alipofika kwetu alikuwa anavuta pumzi ndefu za haraka, na pumzi yenyewe inanukia kama ndizi iliyoiva kupita kiasi. Alikaa siku mbili bila kututambua. Aliamka, namshukuru Mungu, lakini kilichonikaa moyoni ni neno la mamake: kaka wa yule msichana alikuwa na sukari, na kipimo chake kilikuwa juu ya kabati chumbani siku zote hizo.

Mjini kwetu Mombasa kuna tatizo lake la ziada. Joto la kaskazi likishika, nani haoni kiu? Mtoto akimaliza mtungi mzima utasema ni jua. Kwa hivyo msiangalie maji anayokunywa mchana. Angalieni usiku: mtoto aliyekuwa akilala hadi asubuhi sasa anaamka kukojoa mara mbili tatu, au anayalowesha matandiko baada ya miaka ya kuwa mkavu. Angalieni na suruali ya shule iliyoanza kumvuka kiunoni.

Sasa tuje kwenye hilo lililowaondolea raha.

Kwanza niwatoe kwenye kesi wale wazee wawili wa upande wa mume wako. Sukari inayomjia mtu ukubwani, taratibu, kwa kawaida ni aina ya pili. Insulini ipo mwilini ila mwili hauitii ipasavyo. Hiyo nayo hurithiwa, lakini kwa jeni zake nyingine. Ya Swaleh ni ugonjwa tofauti, ingawa tumezipa jina moja la "sukari" na jina hilo limegombanisha nyumba nyingi. Ndani ya kongosho kuna vikundi vidogo vya seli vilivyotapakaa kama visiwa. Mjerumani Paul Langerhans aliviona kwa hadubini mwaka 1869, na hadi leo vinaitwa visiwa vya Langerhans. Humo mna seli za beta, ambazo ndizo pekee zinazotengeneza insulini ya mwili wote. Kwa mtoto kama Swaleh, kinga ya mwili wake mwenyewe imezishambulia seli hizo kidogo kidogo, miezi au miaka, bila maumivu, mpaka zilizobaki zikawa hazitoshi. Siku mliyomkimbiza hospitali ilikuwa siku ya mwisho wa safari ndefu ambayo hakuna aliyeiona. Usijilaumu kwamba ulichelewa kuona mwanzo wake. Haukuwa na dalili.

Kwa nini kinga imgeukie mwenyewe? Hapa naomba unisikilize kwa makini, kwa sababu jibu la mavyaa wako limo humu.

Nyuma ya mfupa wa kifua kuna kiungo kiitwacho thaimasi. Mimi hukiita chuo. Askari wa kinga huingia humo wakiwa wachanga kufundishwa kumtofautisha mwenyeji na mgeni. Huonyeshwa vipande vya protini za mwili wenyewe, na kipande cha insulini kikiwemo. Askari anayemrukia mwenyeji huondolewa, hatoki chuoni. Lakini hakuna chuo kisichopitwa. Wachache wabaya hutoroka, kwako, kwangu, kwa kila mtu, na wengi wetu hatuugui.

Vipande hivyo huonyeshwaje? Kuna seli za doria ambazo huokota mabaki ya protini na kuyanyanyua mbele ya askari, kama mchuuzi wa Kongowea anavyokunyooshea kipande cha nanasi kwenye kiganja uonje. Viganja hivyo ndivyo wataalamu wanavyoviita HLA, na jeni za kuviunda ziko kwenye kromosomu ya 6. Ndizo hizo zinazolinganishwa mtu anapotaka kumpa nduguye figo, kwa sababu hutofautiana sana baina ya watu. Kila umbo la kiganja hushika vipande vyake. Kingine hushika insulini vizuri, chuoni askari mbaya akaonekana na kuondolewa. Kingine hushika ovyo, askari yule akapita, na baadaye mtaani akakutana na insulini na kuiona adui. Hayo ndiyo maelezo tunayoyategemea sana leo, na tofauti yenyewe inaweza kuwa ndogo ajabu. Mwaka 1987 ilionyeshwa kwamba nafasi moja tu, ya 57 katika mnyororo wa beta wa kiganja kiitwacho DQ, ina uzito mkubwa. Pakiwa na asidi ya aspatiki hapo, mojawapo ya vijenzi vya protini, kwa kawaida mtu huwa na hifadhi fulani. Pasipokuwa nayo, umbo la kiganja hubadilika na hatari huongezeka. Karibu nusu ya mzigo wote wa kurithi wa ugonjwa huu umo kwenye viganja hivi.

Sasa sikia, maana hapa ndipo kesi yenu ilipo. Kiganja cha DQ hushonwa kwa minyororo miwili, alfa na beta. Swaleh alipokea jozi moja kwako na jozi moja kwa babake, kama watoto wote. Kwa Wazungu, ambao ndio waliochunguzwa zaidi, jozi mbili zenye hatari kubwa huitwa DR3 na DR4. Mwenye DR3 mbili ana hatari. Mwenye DR4 mbili ana hatari. Lakini mwenye moja ya kila aina, DR3 kwa mzazi mmoja na DR4 kwa mwingine, huwapita wote. Sababu mojawapo ni kwamba mnyororo wa alfa uliotoka kwa mzazi huyu unaweza kushikana na mnyororo wa beta uliotoka kwa yule, kikaundwa kiganja ambacho mama hana na baba hana. Kimezaliwa na mtoto. Kiganja kama hicho utakiandika kwa ukoo upi?

Sijapima jeni za Swaleh, na sidai kwamba yeye ana jozi hizo hasa. Nakuonyesha namna jambo lenyewe linavyokwenda. Nje ya viganja kuna sehemu nyingine zaidi ya 50 za jeni zinazochangia, nyingi kwa uzito mdogo mdogo. Mojawapo ni jeni ya insulini yenyewe, kwenye kromosomu ya 11. Mbele yake kuna kipande kinachojirudia, kirefu kwa wengine na kifupi kwa wengine. Mwenye kirefu chuo chake huonyesha insulini kwa wingi zaidi, naye hupata hifadhi kiasi. Mtoto hupokea hili kwa mama, lile kwa baba, jingine kwa wote wawili. Wewe ulimpa, na mume wako alimpa, na kila mmoja wenu ameishi na vyake miaka yote bila kuugua, kwa sababu peke yake havikutosha.

Mavyaa wako anaposema kwao hakuna mtoto aliyeugua hivi, anasema kweli. Nawe ukisema kwenu hakuna, wasema kweli. Katika kila watoto 10 wanaopata sukari ya aina hii, wanane au tisa hawana jamaa wa karibu aliyewahi kuipata. Kwa hivyo kutokuwapo kwa ugonjwa katika ukoo hakuuondoi ukoo huo, wala hakuutii hatiani ukoo wa pili.

Na jeni peke yake si hukumu. Mapacha wa kufanana wana jeni zilezile, lakini mmoja akiugua, mwenzake huugua baadaye katika karibu theluthi hadi nusu ya mapacha hao, na katika mapacha waliofuatiliwa mpaka uzeeni idadi ikapanda zaidi ya hapo. Ikiwa jeni zingekuwa ndizo zote, wangeugua wote. Finland ndiyo inayoongoza duniani kwa ugonjwa huu kwa watoto. Ng'ambo tu ya mpaka wake, katika Karelia ya Urusi, watu wana viganja vinavyofanana sana na vya Wafini, lakini watoto waliougua walikuwa kama moja ya sita ya wale wa Finland. Kuna kitu nje ya damu. Wanaoshukiwa sana ni virusi vya tumboni vya jamii ya entero, hasa wale waitwao Coxsackie B. Yasiyoshukiwa ni haya ambayo mama huulizwa kila siku: si madafu uliyokunywa ukiwa na mimba, si visheti vya Idi, si chanjo, wala si hofu uliyopata ukiwa mjamzito.

Ubinamu nao. Nalijibu hili polepole, kwa sababu pwani yetu limeumiza wengi. Yapo magonjwa yanayotaka mtoto apokee jeni moja yenye hitilafu kutoka pande zote mbili, kama selimundu, na wazazi wenye babu mmoja wana nafasi kubwa zaidi ya kubeba hitilafu ileile. Sukari aina ya kwanza haiendi hivyo. Haina jeni moja ya kuonana na mwenzake. Zipo hata hivyo sukari nyingine, nadra, zinazokwenda hivyo hasa, na hizo ndizo ninazozitafuta mwenyewe nikiambiwa wazazi ni binamu. Kuna ugonjwa wa Wolfram, ambapo mtoto mwenye sukari huanza pia kupoteza kuona, na baadaye wengine hupoteza kusikia, na wengine hukojoa maji mengi hata sukari ikiwa sawa. Kuna ule wa Wolcott na Rallison, unaoanza uchangani pamoja na matatizo ya mifupa na ini. Swaleh aliugua akiwa na miaka tisa, na hiyo si sura ya huo wa uchangani; Wolfram nao ni nadra sana. Lakini mwalimu akikuambia haoni ubao, usitosheke na kusema ni sukari imepanda. Tuambie.

Nichomekee jambo hapa kwa mama mwingine anayesoma: mtoto anayepata sukari kabla ya kutimiza miezi sita karibu kamwe si wa aina ya kwanza. Huyo ndiye ambaye kipimo cha jeni kinaweza kumbadilishia maisha. Tangu mwaka 2004 tunajua kwamba baadhi yao wana hitilafu katika jeni iitwayo KCNJ11, na wengi wa hao huweza kuacha sindano wakatumia vidonge vya glibenklamidi, dawa ya zamani na ya bei nafuu. Hata kama mtoto sasa ni mkubwa, ikiwa alianza uchangani, ulizeni.

Shangazi yako mwenye mbalanga na dadako mwenye tezi ni habari nyingine, na hapa sitakuficha. Mbalanga ni kinga ya mwili kushambulia seli za rangi ya ngozi, na magonjwa mengi ya tezi ya shingo nayo ni kinga kushambulia tezi. Magonjwa haya hutembea pamoja katika koo, kwa kuwa baadhi ya jeni zinazoyaalika ni zilezile. Kwa hivyo inawezekana kabisa kwamba sehemu ya alichopokea Swaleh ilipita upande wako. Naye babake akampa yake. Lichukue hilo kama taarifa ya kumlinda mtoto: Swaleh apimwe tezi ya shingo sasa na kila mwaka mmoja au miwili, na apimwe pia ugonjwa wa utumbo unaochokozwa na ngano, ambao viganja vyake vinafanana na vya sukari hii. Mtoto anayekula mahamri na chapati, tumbo likajaa gesi na urefu ukakataa kuongezeka, asiambiwe ana minyoo kila mara.

Wadogo zake watapata? Hesabu nilizo nazo zimetoka Ulaya na Marekani, ambako familia zimefuatiliwa miaka mingi. Huko, mtoto yeyote tu ana nafasi kama moja katika 250 hadi 300. Mwenye ndugu wa tumbo moja anayeugua ana kama tano au sita katika 100. Ni zaidi, na ndiyo maana nimekuamsha kwa ajili ya yule wa miaka mitano. Lakini igeuze hiyo hesabu uione upande wa pili: katika ndugu 100, 94 au 95 hawatapata.

Kuzaa, zaa. Sijawahi kumwambia mama yeyote asizae kwa sababu ya ugonjwa huu. Na Swaleh akiwa mkubwa naye aoe, apate watoto. Nafasi yao itakuwa kama ile ya ndugu, tano au sita katika 100. Angekuwa msichana, watoto wake wangekuwa na nafasi ndogo zaidi, mbili au tatu hivi, jambo ambalo hushangaza wengi.

Kile kipimo cha ng'ambo, hifadhi pesa zako. Kwa Wazungu, watoto tisa katika 10 wenye sukari hii wana DR3 au DR4, lakini hata katika watu wenye afya njema, wanne katika 10 wanazo. Utaambiwa mwanao ana "jeni ya sukari", utakosa usingizi, na huenda asiugue maisha yake yote. Kwetu kuna tatizo kubwa zaidi: alama nyingi za vipimo hivyo zimepangwa kwa damu za Ulaya. Jozi nyingine iitwayo DR7, ambayo kwa Wazungu huhifadhi, kwa watu wenye asili ya Afrika ina sura nyingine inayoleta hatari. DR3 nayo ina ndugu yake wa Kiafrika ambaye haleti hatari ile. Jeni iitwayo PTPN22 ina badiliko lenye uzito Ulaya ya kaskazini ambalo Afrika karibu halipo. Na Mombasa tuna watu gani? Mtu mmoja ana bibi Mgiriama, babu Mhadhrami na mama wa mamake Mbaluchi. Kipimo kilichopimiwa mahali pengine hakitaisoma damu hiyo ipasavyo, na karatasi itakuja na nambari safi zenye kujiamini.

Kuna jingine lililotoka mwaka 2025, na limebadilisha namna ninavyozungumza na wazazi. Watafiti wa Kameruni, Uganda na Afrika Kusini waliwapima vijana karibu 900 walioambiwa wana sukari aina ya kwanza. Karibu theluthi mbili hawakuwa na kingamwili zinazoonyesha kwamba kongosho linashambuliwa, na mzigo wao wa jeni za hatari ulikuwa mdogo pia. Maana yake ni kwamba hapa Afrika baadhi ya watoto tunaowaita wa aina ya kwanza wana ugonjwa wenye asili nyingine, ingawa nao wanahitaji insulini. Kwa hivyo kabla ya kuhangaika na jeni za wadogo, muulize daktari wa Swaleh kama yeye mwenyewe alipimwa kingamwili, ile iitwayo GAD kwanza, na nyingine zikipatikana. Zikiwapo, hesabu ya ndugu niliyokupa inawahusu. Zisipokuwapo, kuna mazungumzo mengine ya kufanya. Kwa hali zote mbili insulini haiachwi. Haiachwi kwa majibu ya maabara, haiachwi kwa kombe, haiachwi kwa mizizi ya mganga aliyesema ni jicho. Dua fanyeni, nami nawaombea, na sindano ipigwe wakati wake. Kabla ya Januari 1922, Leonard Thompson, kijana wa miaka 14, alipodungwa insulini ya kwanza kule Toronto, watoto wote wa aina hii walikufa. Nguvu hiyo ya ugonjwa haijapungua hata kidogo tangu wakati huo. Tulichopata ni insulini tu.

Wadogo nao, kama una uwezo, kipimo chenye maana kwao ni hicho cha kingamwili. Kingamwili ni moshi, jeni ni kuni tu. Mtoto mwenye kingamwili za aina mbili au zaidi ana nafasi kama saba katika 10 ya kuugua ndani ya miaka 10, na wazazi wake wakijua, hafiki hospitali akiwa hoi. Ipo na dawa, teplizumabu, iliyoidhinishwa Marekani Novemba 2022, ambayo kwa aliye karibu kuugua huuchelewesha ugonjwa kwa miaka miwili hivi. Ilipoidhinishwa, bei yake huko ilikaribia dola laki mbili kwa tiba moja ya siku 14. Nakutajia ili usije ukauziwa jina lake mtaani. Ukikosa uwezo wa kingamwili, usione umewanyima watoto. Kipimo cha kidole, pale dalili inapoonekana, ndicho kinachookoa kwa haraka zaidi, na unacho.

Mavyaa wako usimpe barua hii aisome peke yake. Njoo naye kliniki ya Swaleh siku ya miadi, na mume wako awepo. Nitamwonyesha vile viganja kwa mikono yangu, cha kwako na cha mwanawe vikishikana. Halafu nitampa kipimo amchome mjukuu wake mwenyewe, na asome nambari kwa sauti. Ukienda sokoni, ni yeye anayebaki na watoto. Nimeona mabibi waliokuja wamenuna wakaondoka wameshika kijidaftari cha nambari kwapani, na hawamwachii mtu. Yule bibi wa sisimizi alikuwa ameona kabla yetu sote.

Na huyo wa miaka mitano? Niandikie nambari yake, hata ikiwa usiku wa manane. Niko macho.